Pumzi Huwahi, Makano Huchelewa

Wengi wanaonijia na maumivu ya goti, ya ugoko au ya kano la kisigino hawakuanguka wala hawakugongwa na chombo, walianza mazoezi. Ukiwauliza kwa utaratibu, karibu wote husimulia mwenendo mmoja: wiki za mwanzo walihema sana, kisha pumzi ikafunguka, mwili ukawa mwepesi, wakaongeza umbali na kasi, na hapo ndipo maumivu yalipoanza. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma, na naomba nieleze kwa nini hatari huwa kubwa pale pale mtu anapojisikia vizuri.

Moyo, damu na misuli huitikia mazoezi upesi, kwa muda wa wiki chache tu. Makano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, hayana mishipa mingi ya damu, hivyo hujijenga polepole, na kuimarika kwake huhesabiwa kwa miezi. Mfupa nao una taratibu yake. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1892 kwamba mfupa hujiunda upya kulingana na mzigo unaobebeshwa. Lakini kabla ya kujenga sehemu mpya, mwili huanza kwa kuondoa ile ya zamani, na kwa wiki kadhaa mahali hapo huwa dhaifu kuliko palivyokuwa. Mkimbiaji hushusha mguuni, kwa kila hatua, nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwa hiyo anayeongeza mwendo kwa sababu tu hahemi tena, anausikiliza moyo wake na kuusahau mfupa wake.

Mji wetu una jambo jingine la kuzingatiwa, nalo ni mlima. Wanaokimbia kati ya eneo la Mwanga na stesheni ya reli huogopa kupanda na hufurahia kushuka, ilhali kwa magoti hali ni kinyume. Unapopanda, unachoka moyo na vigimbi. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hukaza huku ukivutwa, ukifanya kazi ya breki kila mguu unapotua, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi za misuli zaidi ya nyingine. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ile, bali kesho yake na keshokutwa, hata kuchuchumaa kukawa shida. Ushauri wangu kwa anayeanza ni apande kwa kukimbia polepole na ashuke kwa kutembea, kwa miezi miwili ya kwanza, bila kuona haya. Mwenye kano la kisigino linalouma ndiye ninayemwondoa mlimani kabisa, kwa kuwa kupanda hulivuta kano hilo, na pia kumzuia mchanga wa ufukweni, ambako kisigino huzama.

Sina neno na vikundi vya jogingi vya Jumamosi. Nimeona watu wakiacha kukaa tu kwa sababu ya mchakamchaka na nyimbo zake. Tatizo ni kwamba mwendo huwekwa na walio mbele, na mgeni huburuzwa na msafara, kisha hakai tena kwenye mazoezi hadi Jumamosi nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Anayetembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, amekwisha kufikia kiwango hicho cha chini, na hakuna raba ya bei kubwa iliyohitajika.

Maumivu ya ugoko yapimwe kwa kidole gumba. Kaa chini, bonyeza taratibu ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Kama panauma kwa urefu wa shibiri hivi, punguza mwendo na mara nyingi patatulia. Kama panauma mahali pamoja tu, padogo kama ncha ya kidole, na hasa kama panauma usiku umelala au unaporuka kwa mguu huo mmoja, acha kukimbia na uende hospitali, kwa kuwa huenda mfupa umeanza kupata ufa. Picha ya eksirei ya wiki za mwanzo inaweza isionyeshe chochote. Usiichukue kuwa ruhusa ya kurudi barabarani.

Kano la kisigino halitibiwi kwa kulala, wala kwa kuchua na dawa peke yake, ingawa kuchua huleta nafuu ya muda. Linahitaji mzigo uliopimwa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha utaratibu ambao bado tunautumia: simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, jiinue kwa mguu usiouma, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shusha kisigino taratibu hadi kipite chini ya ukingo. Rudia mara 15, mafungu matatu goti likiwa limenyooka na matatu likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wengi hukata tamaa mapema mno, kwa sababu mwanzoni kano huuma zaidi kidogo, na hilo si dalili ya kuharibika.

Kurudi kukimbia kunaanza pale unapoweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila maumivu. Kimbia dakika moja, tembea mbili, pumzika siku inayofuata. Kipimo ni hatua zako za kwanza unapotoka kitandani asubuhi: zikiwa na maumivu makali kuliko ya jana, rudi kwenye kiwango kilichotangulia, zikiwa sawa au nafuu, ongeza dakika moja.