Hadithi za ajabu hatukuziazima

Nikisema naandika riwaya za ajabu za vijana, watu huniuliza: "Tanga na mambo ya Kizungu wapi na wapi?" Wanakosea. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapa hapa Tanga, alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani. Na yatima anayelishinda zimwi? Bibi zetu walimsimulia, paukwa pakawa, kabla hatujaona sinema.

Mimi nachota kutoka Mapango ya Amboni, huku huku Tanga: popo, mawe ya chokaa, giza ukizima tochi, na pembeni sadaka za wenye haja zao, chupa ya marashi, sarafu. Msichana wa riwaya yangu anaingia humo na kibatari. Sarafu moja inamwita kwa jina.