Kifyatulio chepesi hakimfanyi mtu mlenga shabaha

Nakuru, ukikaa na walenga shabaha wenye leseni wakinywa chai baada ya mazoezi, hukosi kusikia hili: punguza uzito wa kifyatulio, yaani nguvu ambayo kidole hutumia kukivuta, alama zitapanda. Limesemwa miaka mingi hadi likawa kama sheria.

Lakini hesabu inasema vingine. Chukua bastola ambayo shabaha ya mbele na ya nyuma, yaani vilengeo vilivyo juu yake, zimeachana sentimita 16. Ya mbele ikisogea milimita moja tu wakati kidole kinavuta, kwa mita 25 risasi inakosa kwa takriban sentimita 16. Milimita moja! Huo ni mkono, si springi ya kifyatulio. Kifyatulio kilicholainishwa humsaidia mwenye mkono uliotulia. Mwenye kushtuka kabla ya mlio ataendelea kushtuka, ila sasa mapema zaidi.

Isitoshe, mashindano yenyewe yana mipaka. Kwa bastola ya mita 25, ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha, hutaka kifyatulio kibebe angalau gramu 1,000 bila kufyatuka, na hupimwa kwa kuninginiza uzito.

Jaribio ni rahisi. Hakikisha magazini imetolewa na chemba, mahali risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, ukague tena, elekeza mtutu mahali salama, kisha mwenzako aweke sarafu ya shilingi juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, karibu na shabaha ya mbele. Vuta polepole. Ikianguka, fundi hana kazi hapo. Na ikitulia mara ishirini mfululizo, hapo ndipo mzungumzie springi, naye awe fundi aliyeidhinishwa, si jamaa mwenye tupa.