Kwa nini mtetezi wa haki huamka amechoka hata akilala?

Jirani yangu hapa Manzese ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Saa tano usiku simu yake inaita: mjane katolewa nyumbani na shemeji zake, mwanamke kapigwa na mumewe yuko nje na watoto. Anasikiliza, anaandika kwenye daftari lake la jalada gumu, na asubuhi anaongozana na mhusika hadi Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Juzi juzi alianza kuiacha simu iite mpaka ikatike. "Dada, hata nikilala naamka vilevile," aliniambia.

Huo si uvivu, wala hajaiacha imani yake. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea kwenye kliniki ya bure jijini New York, aliandika juu ya hali hiyo hiyo, akaiita kwa Kiingereza "burnout", yaani kuungua. Aliiona kwa wenzake na kwake mwenyewe, na akagundua kuwa wanaoungua ndio hasa waliojitoa kwa moyo wote. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, Christina Maslach, akaonyesha sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kuwa baridi kwa unaowahudumia, na kuona kazi yako haifiki popote. Hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Mtu aliyekuwa akilia na wanaokuja kwake anaanza kuwajibu kwa mkato, halafu usiku anajichukia.

Mwilini mambo yako hivi. Ukihisi hatari, homoni ya kotisoli hupanda, moyo huenda mbio, sukari huongezeka kwenye damu. Hatari ikipita, vyote hushuka. Lakini anayesikiliza habari za ukatili kila siku, akijua simu inaweza kuita saa yoyote, mwili wake unabaki macho hata akiwa kitandani. Ndiyo maana likizo ya siku mbili haimtoshi: akirudi, mzigo anaukuta ule ule na mbebaji ni yeye yule yule.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitaja hali hii kuwa inatokana na kazi, halikuiita ugonjwa. Naona ni jambo kubwa, maana linatufanya tuitazame kazi yenyewe ilivyopangwa badala ya kumwambia mtu ajikaze.

Na sisi wa Dar kupokezana tunakujua. Kwenye msiba mfiwa hapiki. Turubai linafungwa, majirani wanaleta masufuria, mmoja anashika daftari la rambirambi, wengine wanalala naye. Mbona anayebeba misiba ya mtaa mzima tunamwacha apike peke yake?

Jirani yangu na wenzake watatu sasa wana simu moja ya zamu. Anayemaliza wiki anamkabidhi mwenzake pamoja na daftari. Kila Ijumaa jioni wanakaa barazani, kila mmoja anasema lililomkaa rohoni, na hakuna anayeruhusiwa kumpa mwenzake ushauri kabla hajamaliza. Jumapili iliyopita zamu ilikuwa ya mwenzake wa Tandale. Nilimkuta jirani yangu anamsuka binti yake, taratibu, mstari kwa mstari.