Mzamo wa pili hauanzi sifuri: kwa wazamiaji wa Ziwa Victoria

Mzamiaji wa vizimba vya samaki hushuka asubuhi kukagua nanga na kamba, akaibuka, akanywa chai kwenye boti, kisha akashuka tena kwenye kizimba cha pili. Anajiona mzima kabisa. Naitrojeni aliyobaki nayo mwilini haiumi wala haionekani, ndiyo maana lazima ihesabiwe.

Hewa ya mtungi ni hii hii tunayovuta, takriban asilimia 78 naitrojeni. Chini ya maji, mgandamizo huifanya iyeyuke kwenye damu, misuli na mafuta. Mzamiaji akipanda, hutoka polepole kupitia mapafu: kwenye damu ni suala la dakika, kwenye mafuta ni saa nyingi. Mwanasayansi John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali ya hesabu hiyo mwaka 1908.

Majedwali ya zamani ya Jeshi la Majini la Marekani yanaruhusu kukaa dakika 50 kwenye kina cha mita 21 katika mzamo wa kwanza, kisha kuibuka bila kusimama njiani. Tuseme baada ya mapumziko jedwali linaonyesha mzamiaji bado anadaiwa dakika 20, yaani naitrojeni aliyobaki nayo ni sawa na ya kukaa chini dakika hizo. Zimebaki 30. Akikaa 40, kwa mwili wake ni 60, na akiibuka moja kwa moja naitrojeni inaweza kutoka kama viputo ndani ya tishu.

Mwanza ina jambo la ziada. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya kawaida yametungwa kwa ajili ya baharini. Hapa hewa ni nyepesi, hivyo mita 18 za ziwani zisomwe jedwalini kama mita 21. Aliyejifunza Zanzibar asije na hesabu za Zanzibar. Akiwa ametua leo kutoka pwani, asubiri saa 12 kwanza, kwani mwili wake bado una naitrojeni ya huko.

Kompyuta ya uzamiaji, kifaa anachovaa mzamiaji ili kimfanyie hesabu hii, husaidia, ila hakikisha inatambua mwinuko. Na msiazimane! Kompyuta hubeba historia ya aliyeivaa. Mwenzako wa zamu akiichukua mchana, itamhesabia mizamo yako na kuisahau yake.

Baada ya mizamo kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengi hulijua hilo, lakini husahau barabara: njia ya Arusha kupitia Ngorongoro hupita kwenye ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200, mwinuko unaokaribia ule wa ndani ya ndege.

Maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu au uchovu usioelezeka baada ya kuzama huweza kuwa dalili za viputo hivyo; visichukuliwe kuwa malaria au kazi nyingi. Mlaze mgonjwa, mpe oksijeni safi, mwambie daktari alizama kina gani, mara ngapi na saa ngapi. Asirudishwe majini eti maumivu yatulie.