Je, wajua kwa nini kichocho hujaza tumbo?

Nilikulia Igombe, Mwanza, pembeni mwa Ziwa Victoria, na utotoni niliamini kwamba tumbo la mgonjwa wa kichocho hujaa kwa sababu limejaa minyoo. Baadaye nikajiona mjuzi, nikasema: hapana, minyoo inakula ini. Kote nilikosea.

Safari yao wengi tuliisoma shuleni: vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya anayeoga au kuvua, kisha hukua na kutulia kwenye mishipa inayopeleka damu kutoka utumbo hadi ini. Dume humkumbatia jike, wakaishi hivyo pengine miaka 3 hadi 10. Wanakunywa damu, ini hawalitafuni. Kinga nayo haiwatambui vizuri, kwa kuwa hujivika vitu vya damu ya mwenyeji. Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza walihamisha minyoo kutoka kwa panya kwenda kwa kima, ikaishi. Lakini kima aliyechanjwa kwanza dhidi ya damu ya panya aliiua. Minyoo ilikuwa bado imevaa sare ya panya!

Kinachoonekana na kinga ni mayai. Jike hutaga hata 300 kwa siku, na karibu nusu hayatoki: damu huyasukuma hadi ini, yakakwama. Hapo kinga inashtuka.

Fikiria mawe ya Mwanza. Jabali likikaa katikati ya kiwanja, halisogezwi. Watu hujenga kulizunguka. Chembe nyeupe za damu, askari wa kinga, nazo hulizungushia yai ukuta. Yai hufa baada ya wiki chache, ukuta hugeuka kovu. Jabali moja si tatizo. Lakini mlima mzima ukijaa kuta, mvua ikinyesha maji yatapita wapi? Vivyo hivyo damu inakosa njia ndani ya ini, presha inapanda kwenye mishipa inayoleta damu kwenye ini, wengu linavimba, maji yanavuja tumboni. Ni hayo maji, siyo minyoo. Mshipa wa koo la chakula ukipasuka kwa presha hiyo, mgonjwa hutapika damu.

Tusiilaumu kinga haraka, lakini. Panya wa maabara wasioweza kujenga kuta hizo hufa mapema zaidi, maana sumu ya yai huliunguza ini bila kizuizi.

Na hapa ndipo pananifurahisha, kama neno hilo linafaa: yai haliwezi kutembea, ila linahitaji kufika kwenye kinyesi. Chembe za kinga zikilizonga kwenye ukuta wa utumbo, linasukumwa nje, kama abiria anayebebwa na msongamano mlangoni mwa daladala bila kunyanyua mguu. Askari ndio usafiri. Kwa panya jambo hili liko wazi. Kwa watu ushahidi ni mwembamba zaidi, ingawa Kisumu, ng'ambo ya ziwa, utafiti wa mwaka 1997 uliwakuta waosha magari ambao VVU vilikuwa vimeidhoofisha kinga yao wakitoa mayai machache kuliko wenzao. Kwa hiyo mayai machache chini ya darubini si lazima yawe na maana ya minyoo michache.