Kipima unyevu hakijui kutofautisha maji na chumvi

Ukitaja kipima unyevu mkoani Dodoma, wengi wanawaza mahindi. Wana sababu. Anayeuza au kununua sokoni Kibaigwa anajua kwamba punje zikizidi unyevu wa asilimia 13.5 hazikidhi kiwango cha Afrika Mashariki, na hapo bei inaanza kushuka. Ila kifaa cha nafaka hakipimi ukuta. Kile cha bustani chenye mguu mrefu wa kuchomeka kwenye udongo nacho hakipimi ukuta, ingawa muuzaji anaweza kukuapia kwamba "vyote ni unyevu tu".

Tunaopima vifaa vya ujenzi tunaulizwa zaidi kuhusu nyumba siku hizi. Tangu Serikali ihamie Dodoma, na hasa baada ya mji kupandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, nyumba zimeota kila upande, nyingine kwa haraka. Mtu anataka kununua, au kupanga, au kumkabidhi fundi malipo ya mwisho, na anaona kifaa kidogo cha mkononi kitamwambia ukweli wa ukuta. Kinaweza kumsaidia, mradi ajue kinachopimwa ni nini.

Kifaa kinachopatikana zaidi ni cha sindano mbili. Unazichomeka, umeme mdogo unapita kati yake, na kifaa kinapima jinsi unavyozuiwa. Mbao kavu huuzuia sana umeme, mbao yenye maji huupitisha. Kipimo hicho kinageuzwa kuwa asilimia. Asilimia hizo ni za mbao, tena kwa kawaida kati ya 6 na 30. Juu ya hapo usizitegemee. Kwa hiyo kikisoma 25 kwenye plasta, hakisemi kwamba robo ya plasta ni maji. Kinasema umeme unapita pale kama unavyopita kwenye mbao yenye unyevu wa 25. Ukuta wa tofali za saruji unaweza kuwa na shida kubwa ukiwa na asilimia chache tu za maji kwa uzito. Ndiyo maana vifaa vizuri vina kipimo cha pili kisicho na asilimia, cha 0 hadi 100, kwa ajili ya kuta na sakafu. Hicho ni cha kulinganisha: hapa na pale, leo na mwezi ujao.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vijitabu vya maelekezo hulipitia kwa mstari mmoja, na ambalo hapa kwetu ndilo kubwa. Umeme haupitishwi na maji peke yake. Chumvi ikikutana na unyevu kidogo tu, hata ule wa hewani, inaupitisha vizuri sana. Na chumvi tunayo. Kanda ya kati ni nusu jangwa. Mvua ni takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, jua ni kali, maji ya ardhini yanapanda kwenye msingi, yanakauka usoni mwa ukuta na kuacha chumvi yake pale. Sehemu nyingi visima vina maji ya chumvi, na maji hayo hayo ndiyo yanayochanganyia zege na kumwagilia tofali. Ule unga mweupe unaochanua juu ya sakafu, rangi inayovimba na kudondoka kama magamba, plasta inayomomonyoka ukiigusa: wenyeji wanasema ukuta umeliwa na chumvi, na wamesema sawasawa.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja pembezoni mwa jiji ambako fundi alikuwa ameshabandua plasta ya vyumba viwili kwa sababu kifaa chake "kiligonga mwisho". Tulichukua vipande vya ukuta, tukavipima uzito, tukavikausha kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 105, tukapima tena. Maji yalikuwa kidogo kabisa. Chumvi ilikuwa tele. Bomba linalovuja ambalo fundi alikuwa analitafuta halikuwepo. Mwenye nyumba alikuwa ameshalipa, na mimi sikuwa na la kumwambia ila pole.

Kifaa gani basi? Kama pesa yako inatosha kimoja, chukua cha sindano chenye vipimo viwili, cha mbao na cha kulinganisha, na chenye sehemu ya kuunganishia waya wa sindano ndefu zilizofunikwa plastiki zikaacha ncha tu wazi. Sindano hizo ndefu zina thamani kuliko kioo cha rangi na nukta mbili za desimali. Unatoboa matundu mawili membamba, unapima usoni, halafu sentimita tatu ndani, halafu tano. Namba ikiwa kubwa usoni na kushuka haraka ndani, shuku chumvi au maji ya juu juu. Ikizidi kupanda kadiri unavyoingia, maji yanatoka ndani au upande wa pili. Kabla ya kutoboa jua waya za umeme zimepita wapi, tafadhali.

Cha kugusa, kisicho na sindano, kinatuma mawimbi hadi kina cha sentimita mbili hivi. Ni kizuri kwa bafu lenye vigae na kwa dari ya jipsamu usiyotaka kuitoboa. Lakini nondo, bomba la chuma na kona za bati chini ya plasta vyote vinakipandishia namba, na plasta yenye mikwaruzo inakishushia kwa sababu hewa inabaki katikati. Kwangu mimi hicho ni kifaa cha pili.

Kwenye paa, kifaa cha sindano kiko nyumbani kwake, ila napo kuna mitego. Vingi vimewekwa sawa kwa mbao ya Douglas fir ya Amerika Kaskazini, kwa joto la nyuzi 20. Paini ya shamba la miti la Sao Hill iliyo chini ya bati saa nane mchana haiko kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi 10 zaidi zinaongeza takriban asilimia moja au zaidi kidogo kwenye namba. Pima asubuhi. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye kijani, nazo zinasoma juu kwa sababu dawa yenyewe ni chumvi za shaba. Mbao isiyotiwa dawa ikikaa chini ya asilimia 20, ukungu wa kuozesha haupati pa kuanzia.

Ukishanunua, usitafute namba moja. Pima ukuta huo huo kutoka sakafuni: sentimita 10, 30, 60, 100, 150, kisha songa mita moja pembeni urudie, na uandike kwa penseli. Maji yanayopanda kutoka chini yanaacha mstari mrefu ukutani, na namba zinapungua kadiri unavyopanda. Bomba linalovuja linaacha doa lenye kitovu. Linganisha na ukuta wa ndani ambao hauna dalili yoyote. Ukibaki na shaka, bandika kipande cha nailoni nzito, nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zizibwe kwa gundi ya utepe, ukiache kwa saa 16 au zaidi. Matone upande wa ukutani ni maji yanayotoka humo. Betri ikiwa imechoka, usipime.

Na nyumba ya kununua isipimwe Septemba, ukuta ukiwa umekaushwa na jua la miezi mitano na kupakwa rangi wiki iliyopita. Omba kurudi Februari au Machi. Muuzaji akikuharakisha, sogeza kabati la chumba cha nyuma na uanzie hapo, sentimita 10 kutoka sakafuni.