Kabla sijakupa antibiotiki, nitakuuliza unafanya kazi gani

Swali hilo huwakera wengi dirishani. Mtu kaja na cheti chake, au kaja na pakiti tupu ya dawa aliyokunywa jirani yake ikamsaidia, anataka ahudumiwe aende zake, halafu mfamasia anaanza kumhoji kama ofisa uhamiaji: unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, pombe unatumia? Nauliza kwa sababu famasi yetu iko jirani na Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, na wateja wetu wengi wanaishi kwa ziwa. Dawa anayoimeza karani wa ofisini bila tabu yoyote inaweza kumtesa mama anayeanika dagaa. Karatasi ndani ya boksi inasema tu "epuka jua kali", kana kwamba jua la Mwanza mtu analipanga mwenyewe.

Nianze na doksisaiklini, maana ndiyo yenye masharti mengi yanayogongana na maisha ya huku. Inatibu klamidia na magonjwa mengine kadhaa ya zinaa, baadhi ya maambukizi ya ngozi na njia ya hewa, na kwenye kipindupindu mtu mzima hupewa miligramu 300 mara moja, basi, ingawa kinachookoa maisha pale ni maji ya ORS. Ni nafuu na ni dawa nzuri. Ila inaifanya ngozi iungue na jua kirahisi. Anayeshinda mchangani akigeuza dagaa tangu asubuhi anaweza kuanza kuwashwa na kuungua usoni na mikononi, akaiita aleji, akaacha dawa katikati. Mara nyingi si aleji. Kofia pana, kitenge kichwani na mikono mirefu kwa siku zote za dozi vinasaidia sana, na kama kazi yenyewe haiwezekani bila jua, afadhali tumrudie daktari tuulize kama kuna dawa nyingine.

Kwa wavuvi wa dagaa shida ni nyingine. Wao hufanya kazi usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji, na mwezi ukiwa mkubwa ndipo wanapumzika. Sasa ukimwandikia "1x2, asubuhi na jioni", asubuhi yake ndiyo saa ya kulala. Anafika ufukweni amechoka, anameza kidonge kwa funda moja la maji, anajitupa kitandani. Kidonge kinanata kwenye koo la chakula na kuanza kuunguza pale pale. Baada ya siku chache anarudi: "Dokta, kila nikimeza mate nasikia moto kifuani, nadhani nina vidonda vya tumbo." Ukimuuliza alivyokuwa anameza, jibu linapatikana lenyewe. Doksisaiklini inamezwa na glasi nzima ya maji safi, na baada ya hapo usilale kwa nusu saa angalau. Kwa hiyo mvuvi namwambia: kimoja jioni kabla hujashuka ziwani, kingine ukishatia nanga na kabla hujaanza kupima mzigo, siyo ukishatandika mkeka. Na maji ya kumezea yatoke nyumbani, yasichotwe pembeni ya mtumbwi.

Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi, kwa sababu dawa za ukoo huu huingia kwenye mifupa na meno yanayokua na kuyabadilisha rangi. Usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maziwa, au zile dawa za kutafuna za kiungulia. Vinashikana tumboni, dawa haiingii mwilini. Acha saa mbili au tatu katikati.

Siprofloksasini, ile sipro, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote zinazouzwa kwa wingi. Inafanya kazi kwenye maambukizi magumu ya njia ya mkojo, kuhara damu, na homa ya matumbo, yaani taifodi, pale ambapo vimelea bado vinaisikia. Lakini inaweza kudhoofisha kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, hasa ile kubwa ya nyuma ya kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito kuhusu kano liwekwe kwenye dawa za kundi hili, na mwaka 2016 ikasema zisitumike kwa UTI ya kawaida kama kuna dawa nyingine inayofaa. Hatari inapanda kwa mwenye zaidi ya miaka 60 na kwa anayetumia prednisoloni, dawa ya steroidi. Si jambo la kila siku, ni kweli. Lakini fikiria kijana anayevuta nyavu, au kuli anayepanda ubao na gunia la dagaa begani. Huyo kano zake ndizo mtaji wake. Akisikia maumivu au uvimbe kwenye kisigino, bega au kiwiko akiwa kwenye sipro, aache kuimeza, aupumzishe mguu au mkono huo, arudi hospitali siku hiyohiyo. Asiende kukandwa kwa maji moto na kuendelea na dozi. Wenye kisukari wanaotumia glibenklamidi nao wawe macho, sukari inaweza kushuka ghafla.

Kinachoniudhi ni namna watu wanavyofika kwenye sipro. Homa imekuja, kipimo cha malaria kimesema hakuna, basi lazima iwe UTI au taifodi. Anapimwa Widal, inasoma, anaandikiwa. Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Kinaangalia askari wa mwili, siyo mdudu mwenyewe, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu tangu ugonjwa wa zamani au kuzuka kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa. Mtu anaweza kutibiwa taifodi kila msimu wa mvua na hajawahi kuwa nayo hata mara moja. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na ndiyo, kinachukua siku na kinagharimu zaidi. Kwa UTI ya kawaida ya chini, ile ya kukojoa kwa maumivu bila homa wala maumivu ya kiuno, kuna nitrofurantoini. Inamezwa na chakula, inageuza mkojo kuwa wa njano iliyokolea au kahawia, na watu hushtuka bure. Haifai kwa mwenye figo mbovu wala mjamzito aliyekaribia kujifungua.

Tuje kwenye Flagyl, yaani metronidazo. Huku kila tumbo linalouma linapewa Flagyl. Kazi yake halisi ni vimelea kama amiba, giadia na trikomonasi, na bakteria wanaopenda kuishi pasipo hewa, kama wale wa jipu la jino. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma, chakula kitapoteza utamu, mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Hayo ni maudhi madogo, yanapita. Ukianza kusikia ganzi au kuchomwachomwa miguuni, hilo si dogo, rudi. Kuhusu pombe, maelekezo ya dawa ni kuikwepa muda wote wa dozi na siku mbili hadi tatu baada ya kidonge cha mwisho. Moyo kwenda mbio, uso kuwaka, kutapika: hutaki yakupate ukiwa katikati ya maji. Bia, gongo, pombe ya mtama, zote ni pombe. Mteja akinijibu "mimi nagusa kidogo tu", namhesabu kuwa anakunywa.

Lakini kwenye mwambao huu kuna jambo kubwa zaidi kuhusu Flagyl. Mtu wa visiwa vya Ukerewe au Kome anayeharisha damu mara kwa mara, tumbo likijaa, anaweza kuwa na kichocho cha tumbo, ambacho kinatoka kwa konokono wa ziwani. Kichocho ni mnyoo. Flagyl haikigusi, sipro haikigusi, na hakuna antibiotiki inayokigusa. Dawa yake ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mtu. Nimeona watu waliozunguka na Flagyl mwaka mzima huku ini likiendelea kuumia. Choo kipimwe kwanza.

Amoksilini, rangi mbili, haihitaji utambulisho. Ni jamaa wa penisilini na inabaki kuwa chaguo la kwanza kwa nimonia ya mtoto isiyo kali na maambukizi mengi ya masikio. Haitibu mafua. Mama akiniletea mtoto anayekohoa, kabla ya dawa tunahesabu pumzi zake kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi chini ya 5 akifika 40 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, huyo ni wa kwenda kituo cha afya sasa hivi. Akiwa chini ya hapo na anacheza, kinachomsumbua pengine ni virusi, na amoksilini itamwachia kuharisha na fangasi mdomoni bila faida yoyote.

Dawa ya maji ya mtoto ina mitego yake. Gonga chupa kwanza unga uachie, weka maji yaliyochemshwa na kupoa hadi nusu, tikisa, halafu jazia mpaka kwenye alama. Ukijaza kwa mkupuo mmoja povu linakudanganya, unazidisha maji au unapunguza. Ikishachanganywa, amoksilini ya kawaida mara nyingi hukaa siku 7 pasipo friji, soma lebo yako. Ile yenye klavulanati, watu wanaiita Augmentin, inataka friji. Mtu anayerudi kisiwani ambako umeme ni wa sola ya taa mbili namwombea vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, siyo chupa. Klavulanati yenyewe inaongeza nguvu dhidi ya bakteria waliojifunza kuivunja amoksilini, ila inaharisha zaidi. Imezwe mwanzoni mwa mlo, na macho yakigeuka manjano, hata dozi ikiwa imeshaisha, mrudie daktari.

Halafu kuna ile tabia ya kufungua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye kidonda. Ndoana imemchoma mtu kidole, au mwiba wa sangara, anapasua rangi mbili anamwaga juu. Unga unaganda, unatengeneza gaga, uchafu unabaki chini yake ukiendelea na shughuli zake. Mbaya zaidi, maji ya ziwa na samaki hubeba bakteria aina ya Eromonasi, ambao kwa asili yao amoksilini peke yake haiwawezi. Kwa hiyo jeraha la ziwani linaoshwa kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, mtu anaulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda, na likivimba, likiwa na mstari mwekundu unaopanda au homa, anapelekwa hospitali na kueleza wazi kuwa aliumia majini. Hilo neno moja linaweza kubadilisha dawa atakayoandikiwa.

Nyingine nazipitia haraka. Azithromaisini inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana dozi yake ni ya siku chache. Wenye matatizo ya mapigo ya moyo waseme mapema. Seftriaksoni ya sindano inaheshimiwa mno mitaani, watu wanaamini sindano inashinda kidonge, lakini ni dawa ya wagonjwa wa kweli na tukiichezea hospitali zitabaki mikono mitupu. Jentamisini inaweza kuumiza figo na masikio. Septrini ina salfa. Vipele vikitokea na ngozi ikaanza kubabuka, midomo na macho yakipata vidonda, acha dawa na kimbia hospitali, usisubiri kesho. Mjamzito anayetumia Septrini kila siku, kliniki hapewi SP ya kuzuia malaria, kwa sababu zote mbili zina salfa.

Mtu akisema "nipe za buku", naye anataka kapsuli nne za amoksilini, simuuzii. Sheria inataka cheti, na mbali na sheria, kapsuli nne si dozi ya kitu chochote ninachokijua. Kila baada ya saa nane maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, kwa siku zote ulizoandikiwa. Kama hela haitoshi, niambie hivyo. Mara nyingi kuna dawa ya bei ya chini inayofaa, na mara nyingine dawa yenyewe haihitajiki.

Kuhusu aleji: kuharisha baada ya amoksilini si aleji. Aleji ni vipele vya kuvimba vinavyowasha, midomo au ulimi kuvimba, kifua kubana, kizunguzungu, kwa kawaida ndani ya dakika au saa chache. Aliyepata hayo aandike jina la dawa kwenye daftari lake la kliniki, maana Ampiclox, Augmentin na penisilini ya sindano ni ndugu, na majina ya biashara yanaficha undugu huo.

Limebaki swali ambalo akina dada huniuliza wateja wengine wakishatoka. Je, antibiotiki zinaharibu vidonge vya majira? Hizi nilizozitaja hapa, hapana, isipokuwa ukitapika au kuharisha sana, hapo chukulia kuwa hukumeza siku hiyo na utumie kondomu. Inayoharibu kweli ni rifampisini, iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu. Ukiwa kwenye hiyo, vidonge vya majira havitegemeki na kijiti nacho kinaweza kupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu inaendelea kufanya kazi, na kitanzi pia. Mwambie mhudumu unatumia njia gani siku ileile unapoanzishiwa dozi ya kifua kikuu, akubadilishie kabla hujatoka kliniki.